Wadi 40, herufi 26: namna ya kujaza alama za herufi kwenye lahajedwali

Kaunti ya Makueni ina wadi 30. Kaunti ya Kitui ina wadi 40. Herufi za kompyuta, kuanzia A hadi Z, ni 26 tu. Karani anayeamua kuipa kila wadi herufi yake ataishiwa mapema: Makueni watabaki na wadi 4 zisizo na herufi, na Kitui watabaki na 14. Tena hizo ni wadi tu. Vioski vya maji, matangi ya shule, vitanda vya zahanati na mabwawa ya mchanga ni vingi zaidi, na vyote vinahitaji alama fupi ambayo fundi anaweza kuipaka rangi ukutani na karani akaipata kwenye orodha bila kubahatisha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini namba zisitumike. Zinatumika, na mahali pengi zinatosha. Lakini namba zina matatizo yake kwenye lahajedwali. Kitui ni kaunti namba 015 na Makueni ni 017, kati ya kaunti 47. Mtu akiandika 015 kwenye Excel kisha akabonyeza Enter, sufuri inatoweka na inabaki 15. Jambo la pili ni kwamba namba huchanganyika na kiasi. Kwenye orodha ya matangi, 24 inaweza kuwa namba ya tangi, idadi ya kaya zinazochota hapo, au ujazo wa tangi kwa maelfu ya lita. AX haiwezi kudhaniwa kuwa lita. Na herufi mbili hubeba mengi: tarakimu mbili hutoa alama 100, kuanzia 00 hadi 99, ilhali herufi mbili hutoa 26 mara 26, yaani 676.

Kazi hii si ya urembo wa faili. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inamwajibisha kila afisa mhasibu kwa mali iliyo chini ya ofisi yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anapokuja hutaka kuona rejista na kukiona kitu chenyewe. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti zilipokea pia mali ya mabaraza ya zamani ya miji na ya kaunti. Mashine ya kusukuma maji iliyoandikwa kwenye rejista kama "pampu, nzuri" inaweza kuwa yoyote kati ya pampu ishirini. Iliyoandikwa BF ni ile moja tu.

Jaribio la kwanza la karani huwa rahisi. Anaandika A kwenye seli moja na B kwenye seli ya chini yake, anazichagua zote mbili, anashika kile kimraba kidogo kilicho kwenye kona ya chini upande wa kulia, kisha anaburuta kwenda chini. Akifanya hivyo kwa 1 na 2, Excel hujaza 3, 4, 5 na kuendelea. Akifanya hivyo kwa jina la siku au la mwezi kwa Kiingereza, Excel huendelea pia. Hata "Wadi 1" hufuatwa na "Wadi 2". Lakini kwa A na B anapata A, B, A, B, A, B hadi mwisho. Programu inajua mfuatano wa namba, tarehe na siku. Mfuatano wa alfabeti haikufundishwa. Inaweza kufundishwa, kwa kuiwekea orodha maalumu ya herufi kwenye mipangilio yake, ila orodha hiyo hubaki kwenye kompyuta ile ile, na ikifika Z hurudi A. Kwa wadi 40 haisaidii.

Njia inayosaidia ni kuiacha programu ifanye inachokijua, yaani kuhesabu, kisha kuivalisha hesabu hiyo herufi. Safu ya A iwe ya namba za mfululizo: 1, 2, 3 na kuendelea, zikiburutwa kutoka juu. Safu ya B iwe ya alama. Ndani ya kompyuta kila herufi tayari ina namba yake. A kubwa ni 65, B ni 66, na Z ni 90. Mpangilio huo umo kwenye kiwango kilichotolewa Marekani mwaka 1963, na kompyuta za leo bado zinaufuata. Fomula iitwayo CHAR hupokea namba na kurudisha herufi. Kwa hiyo, ikiwa seli A2 ina namba 1, fomula hii kwenye seli B2 inatoa A:

=CHAR(64+A2)

Ikiburutwa chini inatoa B, C, D, na kwenye namba 26 inatoa Z. Kwenye namba 27 inatoa mabano ya mraba, kwa sababu alama yenye namba 91 kwenye mpangilio ule ndiyo hiyo. Hapo ndipo herufi ya pili inapohitajika.

Herufi mbili hufanya kazi kama mita ya maji. Gurudumu la kulia huzunguka haraka, na likimaliza mzunguko mmoja, la kushoto husogea hatua moja. Gurudumu la kulia hapa lina nafasi 26. Ili kujua la kushoto limesogea mara ngapi, namba hugawanywa kwa 26 na masalio kuachwa; hiyo ni kazi ya INT. Ili kujua la kulia limesimama wapi, huchukuliwa masalio peke yake. Hiyo ni kazi ya MOD. Alama ya & huunganisha herufi mbili ziwe neno moja:

=CHAR(65+INT((A2-1)/26))&CHAR(65+MOD(A2-1,26))

Ile "-1" ipo kwa sababu mita huanza kwenye sufuri, ilhali orodha ya karani huanza kwenye 1. Bila hiyo, kitu cha kwanza kingekuwa AB na kitu cha 26 kingekuwa BA. Fomula ikiwa sawa, namba 1 ni AA, namba 26 ni AZ, namba 27 ni BA. Wadi ya 30 ya Makueni inapata BD, na ya 40 ya Kitui inapata BN. Karani anaweza kuthibitisha kwa kalamu: 40 toa 1 ni 39, 39 kwa 26 ni 1, masalio 13, hatua 1 baada ya A ni B, na hatua 13 baada ya A ni N.

Kuna fomula fupi zaidi inayopendwa na wengi, ambayo huazima majina ya safu za lahajedwali lenyewe:

=SUBSTITUTE(ADDRESS(1,A2,4),"1","")

Hii huanza A, B, C hadi Z, kisha AA, AB na kuendelea, kama safu zinavyojiita juu ya ukurasa. Inafanya kazi vizuri. Tatizo lake hujitokeza orodha inapopangwa kwa alfabeti. Excel hupanga maneno kama kamusi inavyopanga, kwa hiyo A hufuatwa na AA, AB, AC hadi mwisho wa kundi hilo, na B huja baadaye sana. Wadi ya pili inajikuta chini ya wadi ya 27. Kwa orodha itakayosomwa mara moja na kutupwa hakuna ubaya. Kwa rejista, alama zote ziwe na urefu mmoja tangu siku ya kwanza, hata kama vitu ni kumi tu.

Kabla ya kubandika alama zozote, kuna herufi mbili za kuondolewa. Kila mtu anayesimama barabarani Emali au Mwingi huliona jibu likipita. Namba za magari ya Kenya huruka I na O. Baada ya KBH ilikuja KBJ, na baada ya KBN ilikuja KBP. Sababu ni rahisi: I hufanana na 1 na O hufanana na sufuri, na askari anayesoma namba ya gari kwa mbali hana muda wa kukisia. Tangi la plastiki lililopakwa alama kwa brashi na kuachwa kwenye jua la Kibwezi kwa miaka mitatu ni gumu zaidi kusomeka kuliko gari. Mfumo huo wa magari unafundisha jambo jingine pia, kwamba nafasi huisha. Mfululizo wa KBA ulianza mwaka 2007, KCA mwaka 2014, KDA mwaka 2020.

CHAR haiwezi kuruka herufi, maana huhesabu moja kwa moja. Badala yake, herufi 24 zinazotakiwa huandikwa kwenye seli moja iliyo pembeni, tuseme H1:

ABCDEFGHJKLMNPQRSTUVWXYZ

Kisha fomula ya MID huchomoa herufi moja kutoka humo kwa kufuata nafasi yake:

=MID($H$1,INT((A2-1)/24)+1,1)&MID($H$1,MOD(A2-1,24)+1,1)

Alama za dola hazihusu pesa. Zinaifunga H1 isisogee fomula inapoburutwa. Bila hizo, seli ya pili ingetafuta herufi kwenye H2, ambako hakuna kitu. Namba 26 imekuwa 24 kwa sababu gurudumu sasa lina nafasi 24. Wadi ya 30 inakuwa BF na ya 40 inakuwa BR. Alama zote ni 24 mara 24, yaani 576.

Na zikiisha? Hapa ndipo fomula hii inapokuwa ya hila. Ile ya CHAR ikipita uwezo wake hutoa "[A", na karani anaona mara moja kwamba kuna kasoro. Ya MID haipigi kelele. Kitu cha 577 hupata A peke yake, cha 578 hupata B, kana kwamba kila kitu ni sawa. Orodha ikikaribia 500, ni vyema kuhamia herufi tatu mapema:

=MID($H$1,INT((A2-1)/576)+1,1)&MID($H$1,MOD(INT((A2-1)/24),24)+1,1)&MID($H$1,MOD(A2-1,24)+1,1)

Hizo ni alama 13,824. Herufi tatu huleta pia maneno. Kitu cha 6,379 kwenye mfuatano huu kitaitwa MBU, jina lisilofaa kubandikwa kwenye kitanda cha zahanati. NZI haitatokea, kwa kuwa I imeondolewa. Mtu mmoja anayejua Kiswahili na Kikamba aipitie orodha kabla haijapelekwa kwa mpaka rangi.

Yote hayo ni hesabu. Hatari iliyo kubwa zaidi huja baada ya hesabu kukamilika. Mafunzo mengi ya lahajedwali hutumia ROW(), fomula inayotaja mstari ambao seli imekaa, badala ya safu ya namba. Inaonekana nadhifu kwa sababu haihitaji safu ya ziada. Lakini alama inayotegemea mstari ni mali ya mstari, si ya kitu kilichoandikwa hapo.

Chukulia orodha ya vituo vya maji vya wadi moja ya Kitui Kusini, alama zikiwa zimetolewa kwa ROW() na tayari zimepakwa kwenye matangi. Kituo kimoja, AD, kinafungwa kwa sababu kisima chake kimekauka, na karani anafuta mstari wake. Mistari yote ya chini inapanda. AE inakuwa AD, AF inakuwa AE, AG inakuwa AF. Hakuna onyo lolote kwenye kioo cha kompyuta. Kule nje rangi haijabadilika. Wiki ijayo kamati ya maji inapiga simu kwamba tangi lao, AF, linavuja. Karani anaitafuta AF kwenye rejista, anakuta kijiji kingine, na fundi anapanda pikipiki na vipuri kuelekea bonde lisilo lake. Kwenye kaunti hizi, ambako safari kama hiyo huweza kumaliza siku nzima na watu wakalala bila maji, kosa la mstari mmoja lina gharama yake. Kuipanga orodha upya kwa majina ya vijiji huleta madhara yale yale, na haraka zaidi, kwa sababu vitu vyote hubadilishana alama kwa mpigo mmoja.

Safu ya namba huzuia sehemu kubwa ya tatizo hilo. Namba 4 ikifutwa, namba 5 hubaki 5, na alama yake hubaki AE. Orodha inabaki na pengo, na pengo hilo si uchafu wa kusafishwa. Linaonyesha kwamba AD iliwahi kuwapo. Kuipa AD kituo kipya ni kukaribisha mkanganyiko, kwa kuwa stakabadhi za zamani za matengenezo bado zina jina hilo. Kituo kipya kipewe namba inayofuata mwishoni, na kilichofungwa kibaki kwenye mstari wake, kikiwa na neno "kimefungwa" na tarehe.

Hata hivyo, hata safu ya namba inaweza kuburutwa upya na mtu asiyejua. Kwa hiyo, alama zikishakubaliwa, fomula huondolewa na matokeo kubaki. Karani huichagua safu ya B, huinakili kwa Ctrl na C, kisha hubofya kitufe cha kulia cha kipanya papo hapo na kuchagua kile kielelezo chenye tarakimu 123. Kuanzia hapo seli ina herufi BF zenyewe, si hesabu inayozaa BF. Kazi hiyo ya sekunde kumi hufanywa kabla ya rangi kununuliwa. Fomula yenyewe inaweza kuhifadhiwa kwenye ukurasa mwingine wa faili lile lile, ikisubiri vituo vipya.

Sasa faili linatoka ofisini. Mto Athi hupita mpakani mwa Kitui na Makueni, na si ajabu ofisi za pande zote mbili kutaka kuona vituo vyao kwenye orodha moja. Zikiunganishwa, orodha inakuwa na AA mbili, moja ya kila upande. Suluhisho la kawaida ni kutanguliza namba ya kaunti: 15-AA na 17-AA. Kwa herufi mbili hakuna shida. Kwa herufi tatu, Excel ina mazoea mabaya. Kituo cha 328 kwenye mfuatano wa herufi tatu ni APR. Mtu akiandika 15-APR kwa mkono, au akifungua faili la CSV lililotoka ofisi nyingine, Excel haisomi "Kitui, kituo APR". Inasoma tarehe 15 Aprili na kuihifadhi kama tarehe. Kituo cha 439, AUG, kinapata ajali hiyo hiyo. Kugeuza kuwa APR-15 hakusaidii, maana hiyo nayo husomwa kama tarehe.

Hili si tatizo la makarani wa kaunti peke yao. Wanasayansi wa jenetiki duniani walikuwa na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1, na Excel ilizigeuza kuwa tarehe kwenye orodha za utafiti kwa miaka mingi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilizibadilisha kuwa MARCHF1 na SEPTIN1. Ilikuwa rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kubadilisha mazoea ya programu.

Kwa kaunti kuna njia nyepesi zaidi, nayo iko kwenye magari yake yenyewe. Magari ya serikali za kaunti hubeba namba ya kaunti ikifuatwa na CG: 15CG kwa Kitui na 17CG kwa Makueni. Alama 15CG-APR haiwezi kusomwa kama tarehe, na mtu yeyote anayeiona anajua ni mali ya nani. Asiyetaka urefu huo anaweza kuichagua safu nzima na kuipa muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake. Baada ya tarehe kuingia, kubadilisha muundo hakurudishi herufi zilizopotea.

Linabaki jaribio moja, la kufanywa kila faili linaporudi kutoka ofisi nyingine. Kwenye safu iliyo wazi, mbele ya kila alama, huandikwa:

=COUNTIF(B:B,B2)

Fomula hii huhesabu alama iliyo kwenye B2 imetokea mara ngapi kwenye safu yote. Ikiburutwa hadi chini, kila seli inapaswa kuonyesha 1. Palipo na 2, vitu viwili vinaitwa jina moja. Hapo faili huwekwa kando kwanza, na mtu hutumwa kwenda kusoma rangi iliyoko ukutani.